Bibi Harusi Asiyetoka Jasho

Mimi ndiye niliyempamba Saadiya, na mimi ndiye niliyemuua. Watu wa mtaa wetu wa Mkomani hawalisemi la pili. Wao husema ilikuwa amri ya Mungu, kisha hunimiminia kahawa. Hakuna kitu kinachoniudhi kama kahawa hiyo.

Kwetu Lamu, siku ya bibi harusi kutazamwa, msichana hukalishwa kwenye kiti cha enzi katika chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha. Huvishwa hariri na dhahabu, akafumba macho. Hasemi, hanywi, hatikisi hata kidole. Wanawake wa mji huingia makundi kwa makundi kumwangalia, na wanachokuja kukiangalia ni utulivu wake. Aliyetulia ana haya, na mwenye haya kalelewa. Mimi mpambi humvisha, humfukiza udi, kisha husimama kando yake nikimpepea kwa kipepeo changu cha ukindu, na akijisahau humkanya.

Saadiya alikaa mwaka wa hamsini na tatu, katikati ya kaskazi, jua la kukausha papa kwa siku moja. Akaninong'oneza, midomo haikutikisika: "Bi Radhiya, naona kiu." Nikamwambia avumilie, harusi ni siku moja tu. Baadaye akanong'ona tena: "Sasa sioni hari tena." Nikafurahi! Mpumbavu mimi, nikawageukia wageni nikawaambia, mtazameni mtoto wa watu, joto lote hili na hata jasho hatoki. Wakapiga vigelegele. Walipokwisha kuondoka nikamwambia afumbue macho, ameshinda. Hakufumbua.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Yale maneno mawili aliyoninong'oneza sikumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Tangu hapo, kila nikisimama kumpepea bibi harusi, upande wangu wa kushoto pana mtu. Simwoni. Kinanijia kibaridi shingoni, na harufu ya kikuba cha asumini na rihani kama nilichomfunga Saadiya siku ile, hata bibi harusi wa siku hiyo akiwa hana kikuba. Ningemwambia nani? Wangeniandikia kombe la kufukuza pepo wakaninywesha, na baridi ingebaki pale pale.

Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa Shaabani, Bi Mwana akanijia nyumbani. Ni mamake Saadiya. Binti yake wa pili, Hafswa, alikuwa anaolewa na Jaafar, karani wa Mombasa, na Jaafar alikuwa na ruhusa ya wiki mbili tu. Harusi haikuweza kungoja Ramadhani ipite, sembuse mvua.

"Utampamba wewe," akaniambia.

"Mtafute mwengine, Bi Mwana. Nakuomba."

"Mwengine wa nini? Kwani wewe ulifanyani? Siku za mwanangu zalikuwa zimekwisha. Nikimwita mtu mwengine, watu watasema nakutia makosani. Nami sikutii makosani."

Alilisema hilo kwa haraka, akiukunja na kuukunjua upindo wa leso yake. Sikumwelewa. Nilimwomba basi jambo moja: Hafswa akae kiwandani, pale uwandani kwenye uwazi wa nyumba, apate japo hewa.

"Mwanangu aketi kiwandani kama kuku? Mamake Jaafar asemeni?"

Nikafanya yangu kwa siri. Nguo ya hariri niliifumua bitana yote. Nilimnywesha Hafswa madafu mawili kabla ya kumvisha, nikamlaza kitambaa cha maji kisogoni chini ya ushungi, na jagi la maji nikalificha nyuma ya kiti. Nikamwambia ukiona kiu, ukiona kizunguzungu, nifinye.

"Mimi ni mtoto wa Bi Mwana," akanijibu akicheka. "Sitamtia mamangu aibu."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikamfunga mkufu.

Baada ya alasiri wageni wakaanza kuingia. Kaskazi ilikuwa imekwisha na kusi haijaja, kwa hiyo upepo ulikuwa haupo kabisa, na kuta za matumbawe zilikuwa zinarudisha joto zililokunywa tangu asubuhi. Wanawake walijaa mpaka mlangoni, moshi wa udi ukasimama juu ya vichwa vyao. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Jasho la Hafswa lilikuwa likimtiririka, nami nikawa namshukuru Mungu kwa kila tone.

Ghafla shingo yangu ikapata baridi upande wa kushoto. Asumini ikanuka.

"Mashaallah," akasema Bi Jamila, mamake Jaafar, aliyekuwa mbele ya wote. "Humu muna kibaridi. Na tazamani mwanamke alivyotulia!"

Vigelegele vikapaa. Ndani ya kelele hizo nikasikia mnong'ono, midomo haikutikisika.

"Bi Radhiya. Dada mekuya. Yuwanipepea. Sioni hari tena."

Nikamgusa shingoni. Palikuwa pakavu, na moto kama chungu kilichoko jikoni. Kile kitambaa cha maji kilikuwa kimekauka kabisa.

Nitasema kweli, maana nimechoka kusitiriwa. Aibu ilinijia kwanza, hofu ikaja ya pili. Niliwaona wanawake wale wote, nikamwona Bi Mwana mlangoni akipokea pongezi, nikasema moyoni: dakika tano tu, kundi hili litoke. Na mkono wangu ukaendelea kupepea.

Ndipo kipepeo kikanitoka. Sikukiachia mimi. Kilivutwa kwa upande wa kushoto, kwa nguvu, kikaanguka sakafuni, na ile baridi ikanijia usoni hata nikashindwa kuvuta pumzi. Mpaka leo sijui alikuja kumchukua mdogo wake au alikuja kunizindua mimi.

"Huyu hapana, mwanangu," nikasema kwa sauti. "Huyu niwatia, usimchukue."

Nikalitwaa jagi nikammwagia Hafswa maji kichwani, juu ya hariri, juu ya hina, juu ya dhahabu. Uzi wa mkufu nikaukata kwa meno. Wanawake wakapiga mayowe wakidhani nimeingiwa na wazimu. Bi Mwana akapasua watu akaja kunishika mkono.

"Radhiya! Wanivundia nyumba!"

Nikamsukuma, mzazi wa watu, akagonga ukuta. Nikawapigia kelele wanisaidie, tukamburura bibi harusi mpaka kiwandani, nikateka maji birikani, kwenye hodhi la kuogea, nikammwagia, nikateka tena, na tena. Alikuwa amelegea, macho juu. Nikammwagia mara ya nne. Akakohoa. Akafumbua macho mbele ya mji mzima na kusema kwa sauti ya kukwaruza, "Nipani mai."

Aliyeshika kikombe alikuwa Bi Jamila. Alipiga magoti kwenye maji na buibui lake zuri, akamwinua Hafswa kichwa, akawa anamnywesha taratibu na kumwita mwanangu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetaja haya wala malezi. Ile aibu tuliyoiogopa vile haikuonekana popote. Shingo yangu ilikuwa na joto pande zote mbili.

Wanawake wakaanza kunipa mikono, wakinishukuru. Nikamtafuta Bi Mwana. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, leso yake mpya imerowa, akimtazama mwanawe anavyokunywa. Alitazama mpaka kikombe cha tatu kikaisha. Kisha akaniinulia macho.

"Kumbe yaliwezekana," akasema.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Vikombe vitatu vya mai, Radhiya. Yaliwezekana."

Akajifunika uso kwa leso, akamlilia Saadiya kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia.