Vitambaa vya Hawe Kadii

Dena alisema aliona kwa macho yake mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Alisema alikuwa amepanda mlimani kumtafuta mbuzi wake aliyekata kamba, jua limeshatoka, na upande wa baharini kumejitokeza wingu zito, jeusi, wingu la kuinywesha nchi yote kuanzia Malindi mpaka Bamba. Akasimama kulitazama huku akimshukuru Mulungu. Hapo ndipo aliposikia mtu akijisemea kichakani. Kuchungulia, kumbe ni Hawe Kadii, kajifunga hando lake, sketi ya kale ya marinda, mkononi ana vitambaa vitatu: chekundu, cheupe na cheusi. Akakitoa kile chekundu, akakifunga kwenye tawi, akakaza fundo, kisha akacheka peke yake.

"Naapa kwa mama aliyenizaa," alisema Dena, "lile wingu liligeuka. Liligeuka kama ng'ombe aliyeonyeshwa fimbo, likarudi zake baharini. Na mbuzi wangu mpaka leo sijamtia machoni."

Aliyasema hayo mbele ya foleni ya mitungi, pale kwenye bomba la maji, huku punda wake akimsukuma kwa kichwa mgongoni.

"Labda mbuzi naye aligeuka wingu," mwanamke mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Cheka, mama, cheka. Mahindi yako nayo yalicheka hivyo hivyo kabla ya kukauka."

Kicheko kikafa. Kila mtu pale alikuwa amepanda, akaotesha, akanyaukiwa, tena si msimu mmoja. Kahonzi, aliyekuwa nyuma kabisa kwenye foleni, aliona jinsi nyuso zilivyobadilika moja baada ya nyingine, kama watu wanaopitishiana kikombe. Alikuwa mke wa mjukuu wa Hawe Kadii, yaani Bibi Kadii. Mumewe, Mwaro, alikuwa Bofa akimwagilia bustani za hoteli, na nyumbani wamebaki wao wawili tu, bibi na mke wa mjukuu, nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango chini ya Mlima Mwangea. Kwa hiyo vitambaa vile alivijua. Kimoja alikikata yeye mwenyewe.

Hawe Kadii alianza kupanda mlimani baada ya kufiwa na mumewe. Wajane wengine huenda kwa watoto wao, wengine huzidisha kwenda kanisani. Yeye alichukua ukindu wake na maji kidogo kwenye kibuyu, akapanda. Kule juu kulikuwa na jiwe pana lenye kivuli asubuhi. Alikaa hapo akisuka mkeka, mikono ikienda yenyewe, macho yakizunguka. Akiona kitu kilichompendeza, alifunga kitambaa karibu yake ili mwaka ukizunguka arudi kutazama kama kipo. Cheupe kwa kiota cha ndege. Cheusi, cha kaniki iliyochakaa, kwa kile kichaka kinachotoa maua ya waridi wakati hakina hata jani moja. Chekundu kwa ua jekundu la mviringo linalochomoza kutoka ardhini, bila majani, mvua zinapokaribia. Hivyo ndivyo vitambaa alivyokuwa navyo nyumbani. Kwamba rangi hizo tatu ndizo anazotundika mganga akitaka kusema na pepo, alilijua hilo tangu utotoni, kama alivyojua kila mtu. Alisahau tu kwamba wengine hawajui kilicho moyoni mwake.

Kahonzi alipoolewa, bibi alianza kumchukua. Mwezi wa saba, mvua za mwaka, zile za masika, zimekwisha na kipupwe kimeingia, waliondoka asubuhi ukungu ukiwa umelala mlimani mzito kama maziwa ya mgando, wakapita ndani yake wakisikiana sauti tu. Juu, jua lilipotoka, ukungu ulishuka mabondeni, na mbali kabisa bahari ikaonekana kama uzi. Vuli ilipofika wakatafuta uyoga. Kaskazi ilipoanza kuvuma wakaja wale ndege wekundu wanaodaka nyuki, wakajaza mti mzima, na bibi akaweka ukindu chini, jambo asilolifanya hata mgeni akija.

"Hawe, unatafuta nini hasa huku?" Kahonzi alimuuliza siku moja.

"Sitafuti kitu. Nakaa."

"Watu husema hukai bure."

"Waambie nimechoka kuzikaa nyumba zao, na mbu wao, na maneno yao." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe nawe unasuka kama unayefukuza kuku. Legeza mkono, mwanangu."

Hizo ndizo zilikuwa siku njema. Kisha mvua za mwaka zikakosa kuja, na vuli ikapita na manyunyu yasiyolowesha hata vumbi, na mwaka mwingine ukawa vile vile. Bibi aliendelea kupanda. Kahonzi hakuwa na nafasi tena. Maji yalikuwa mbali.

Siku ile ya bomba alirudi na mtungi wake, akamkuta bibi anachagua kunde. Akamweleza yote, polepole, bila kuacha neno. Hawe Kadii akacheka mpaka kunde zikamwagika.

"Dena! Mimi ndiye niliyemkata kitovu yule."

"Usicheke, hawe. Wao hawacheki."

Na kweli hawakuwa wanacheka. Kwenye kijiji cha bondeni, mwezi uliopita tu, mzee mmoja alikatwakatwa na mapanga katika shamba lake la mihogo, mchana, na majirani wote wakasema hawakusikia hata sauti. Kosa lake lilikuwa mvi na mjukuu aliyekufa ghafla. Kahonzi alianza kuhesabia watu hatua zao. Aliyezoea kupita uani akisema "shikamoo hawe" sasa alipita nyuma ya ua. Watoto waliotumwa moto waliambiwa wakaombe kwingine. Vijana walikaa njia panda wakinoa mapanga yasiyokuwa na la kufyeka. Kahonzi akanunua piko, akaikoroga, akamwita bibi aketi ampake nywele ziwe nyeusi.

"Nywele hizi nimezizeesha mwenyewe," bibi akasema. "Jipake wewe."

Ngumbao, mwanawe wa kumzaa na baba mkwe wa Kahonzi, alikuja kutoka dukani kwake Vitengeni. Hakuketi.

"Mama, acha kupanda huko."

"Nikipanda namuumiza nani?"

"Watu wanaongea."

"Nawe unawaambiaje?"

Ngumbao akatazama viatu vyake. "Mimi nina duka, mama. Wateja wangu ndio hao hao."

Kahonzi ndiye aliyeona njia, au alidhani ameiona. Alilifikiri kwa siku kadhaa akichota maji, akisaga, akifagia. Tatizo ni kitu wasichokiona, aliwaza. Kama wangepanda wenyewe, mchana kweupe, wakaonyeshwa kiota ni hiki na ua ni hili, kisha vitambaa vikafunguliwa vyote mbele yao, kungebaki nini cha kusema? Akamwendea mzee wa kijiji. Mzee akakubali, tena upesi, akasema ni shauri la mtu mwenye akili. Dena naye akakubali. Aliyekataa ni bibi peke yake.

"Mtu hufungua alichokifunga," akasema. "Nikivifungua, nimekiri."

"Ni vitambaa tu, hawe."

"Kwako wewe. Halafu nisikilize. Juzi lile ua jekundu limechomoza. Moja, lakini limechomoza, na upepo umegeuka. Mvua haiko mbali. Nikifungua leo, ikanyesha kesho, nani atanisafisha?"

Kahonzi alikuwa amesikia mvua haiko mbali tangu mwaka juzi, kwenye redio, kanisani, na msikitini Ganze walikoswali kuiomba. Akapiga magoti kabisa, chini, kwenye vumbi la uani.

"Hawe, nakuomba. Wananoa mapanga yao. Nifanyie mimi."

Bibi akachukua mkongojo.

Walipanda watu wengi kuliko waliohitajika. Kwenye jiwe lake bibi alianza kuwaeleza: hapa alitaga ndege wa namna hii, hapa pana ua hili. Alieleza kama mtu anayewatembeza wageni nyumbani kwake, na mwanzoni sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. Hakuna aliyetazama kiota. Walitazama vidole vyake.

"Fungua," mzee wa kijiji akasema.

Kahonzi akanyoosha mkono amsaidie.

"Si wewe! Mwenyewe."

Akafungua. Mafundo mengine yalikuwa ya miaka, jua limeyakaza, akayafungua kwa meno. Kila kimoja kikilegea, watu walivuta pumzi kwa pamoja. Vilikuwa vingi. Kahonzi mwenyewe hakujua kuwa vilikuwa vingi kiasi hicho. Vingine vilikuwa upande wa pili wa mlima asikowahi kupelekwa. Chini ya kile chekundu cha mwisho lile ua lilikuwepo, jekundu kama kaa la moto, na Dena akalikanyaga alipojongea kuona vizuri. Bibi alivikunja vitambaa, akampa mzee, mzee akakataa kuvishika. Vikachomwa pale pale.

Waliteremka wakiongea kwa sauti, na wengine wakamuaga bibi kwa heshima. Kahonzi alilala vizuri mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Wiki haikuisha. Ilikuwa alasiri, Kahonzi anaanua nguo, akasikia harufu kabla ya kuona kitu. Halafu bati likapigwa tone, likapigwa jingine, na mvua ikashuka kwa kishindo kama gari linalomwaga kokoto. Alitoka na sufuria, ndoo, beseni, hata vikombe. Alicheka akalia. Kutoka kila boma vigelegele viliitikiana, na kwa Dena watoto walikuwa wakigaragara matopeni uchi.

Kisha vigelegele vikakoma. Si kwamba vilipungua. Vilikoma, upande mmoja kisha mwingine, kama taa zinazozimwa. Kahonzi akasimama na sufuria yake inayofurika, akafahamu.

Dena alikuja mpaka kwenye ua, hakuingia. Maji yalimtiririka usoni.

"Mmeona sasa?" akapaza sauti, na ajabu ni kwamba hakuwa na hasira, alikuwa analia. "Mmeona? Ng'ombe wangu wanne walikufa kwa kiu, hawe! Kumbe uliweza kuifungua siku zote hizo!"

Bibi alikuwa kizingitini, ameinyooshea mvua kiganja. "Dena, baba, ingia usilowe," akasema.

Dena akarudi nyuma kama aliyetupiwa nyoka, akaenda zake mbio.

Kahonzi alitaka kumfuata, amwambie habari za ua na upepo uliogeuka. Miguu haikwenda. Maana wazo lilikuwa limemwingia lenyewe, bila kuitwa, dogo kama mwiba wa mgunga: mbona hawe alijua? Redio haikujua. Padri hakujua, wala shehe. Alisema mvua haiko mbali, na haikuwa mbali. Akakumbuka mafundo ya upande wa pili wa mlima. Akakumbuka shamba lake mwaka wa kwanza wa ukame, mahindi yamesimama makavu yakigongana kwa upepo, na bibi akishuka kutoka juu na mkeka wake, uso umetulia. Akajikaripia. Lakini wazo halikutoka.

Mvua ilipopungua Ngumbao alifika na pikipiki ya kukodi, suruali imelowa hadi magotini.

"Mama, panda. Hapa hapakaliki. Wako kwa mzee wa kijiji wanakusanyana."

"Wapi?"

"Malindi kuna nyumba wanapowekwa wazee kama wewe."

"Wazee kama mimi ni wazee gani, Ngumbao?"

Ngumbao akamgeukia Kahonzi. "Mfungie nguo zake, mwanangu, upesi."

Kahonzi alikusanya leso mbili, blanketi, kibuyu cha ugoro na mkeka ambao haujamalizika. Dereva alikuwa kijana wa mbali, asiyemjua mtu; alifuta kiti kwa mkono na kumpakia bibi taratibu. Kutoka upande wa njia panda zilisikika sauti, nyingi, bado mbali. Ngumbao akatangulia kwa miguu kwenda kuangalia kama njia ya mtoni ni salama.

Bibi alimshika Kahonzi mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi.

"Ngumbao simuulizi, ana duka lake," akasema. "Dena amepoteza ng'ombe. Lakini wewe ulikaa na mimi kule juu. Niambie kwa mdomo wako, nisikie: hawe, hukuifunga mvua. Neno hilo tu. Nitaondoka nalo, na sitaomba jingine."

Kahonzi akafungua kinywa. Nyuma ya nyumba, shambani kwake, maji yalikuwa yakiingia kwenye matuta makavu, yakibubujika, na ardhi ikiyameza.

Dereva aliwasha pikipiki, akawatazama, akaizima tena. Akangoja.