Gari Lililouzwa na Mtu Ndani Yake

Paka alikuwa amelala juu ya boneti. Kimya alimwona yeye kabla hajaliona gari lenyewe: paka wa madoadoa, kajikunja kama kata ya kichwani, na jua lilikuwa bado halijavuka ukuta wa ua. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ya watu kuficha mikono kwapani. Paka halali kwenye bati la baridi.

"Halijawashwa tangu juzi," alisema mwenye gari, mzee wa shati lililopigwa pasi, huku akimfukuza paka kwa kitambaa. "Dizeli hii ukigusa ufunguo tu, inaitika. Kizuri chajiuza, vijana."

Kimya alitaka kusema kitu. Maneno yakafika kooni yakakaa hapo, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu alipoachishwa shule darasa la tano ili kaka yake amalize. Nyumbani walimwita Kimya mpaka jina alilopewa na bibi likasahaulika. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kama alikuwa na maneno, yalikuwa miguuni. Hata akiwa amesimama, miguu yake ilikanyagakanyaga chini kana kwamba cherehani iko mbele yake. Gari lile lilikuwa linanunuliwa kwa kazi ya miguu hiyo. Kaka alikuwa ameahidi: tukilipata utafundishwa kuendesha, sare zako utazipeleka mwenyewe madukani. Tangu siku ya ahadi hiyo roho ya Kimya ilikuwa juu juu.

Kaka alilizunguka gari akiyapiga magurudumu teke, kwa kuwa ndivyo alivyoona wanunuzi wengine wakifanya. Kisha akafungua mlango wa mbele, akamkuta mwanamke ameketi kiti cha abiria, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo ni marehemu mama watoto wangu," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mkwaruzo wa rangi. "Alifariki mwaka juzi. Tumemtoa mara mbili, anarudi. Hali, hanywi, hagombani na mtu. Anakwenda na gari."

Kaka akakuna kidevu. "Basi punguza bei, mzee. Kiti kimoja kishashikwa."

"Nipunguze nini? Hana hata uzito."

"Hana uzito, ila nafasi anayo."

Wakavutana, wakacheka, mzee akashusha kidogo. Wakati huo Kimya alikuwa ameingia kukaa kiti cha nyuma. Marehemu akageuka, akamtazama vidole.

"Unashona."

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilikuwa nafua. Mashuka ya watu, miaka nenda miaka rudi. Gari hili limetoka kwenye mashuka hayo. Na mimi niliambiwa nitafundishwa." Akautazama usukani. "Nasubiri zamu yangu."

"Na injini je?" Kimya aliuliza. Kuzungumza na marehemu kulikuwa rahisi.

"Mume wangu ameiwasha alfajiri, akaiacha ingurume mpaka majirani wakagonga ukuta. Ikilala haiamki bila kubembelezwa. Mwambie kaka yako arudi siku ambayo haijapashwa moto."

Kimya akashuka, akamvuta kaka yake mkono wa shati. "Kaka..."

"Ngoja, Kimya. Watu wazima tunamaliza."

Mzee akageuza ufunguo, na gari likaitika mara moja. Kaka akatabasamu kama mtu aliyelizaa mwenyewe. Wakapeana mikono. Gari liliandikwa jina la kaka, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kalamu.

"Haya, mama watoto, safari njema," mzee alisema dirishani. Mkewe alikuwa anautazama usukani.

Asubuhi iliyofuata gari likakohoa, likanyamaza. Karibu na usukani palikuwa na taa ndogo ya rangi ya chungwa. Gari la dizeli la namna ile hutaka ugeuze ufunguo nusu, injini ijipashe moto, taa ikizima ndipo uwashe. Marehemu alilisema jambo hilo kila siku bila kuchoka. "Subiri taa izime, mwanangu." Kaka alimwamkia kwa adabu zote, lakini hakuwa na mazoea ya kupokea maelekezo kutoka kiti kile. Aligeuza ufunguo moja kwa moja, tena na tena, mpaka betri ikasalimu amri.

"Kimya! Njoo usukume."

Kimya akasukuma. Marehemu naye akashuka akasukuma. Uzito kweli hakuwa nao, ila nguvu alikuwa nazo. Majirani waliwasalimia wote wawili. Fundi viatu wa pale kona akawa anawatania: "Kumbe dizeli ya gari hili ni wanawake!"

Kila alipoulizwa kuhusu kufundishwa, kaka alijibu, "Gari litulie kwanza." Gari halikutulia, na Kimya hakutulia. Akiwa kwenye cherehani, mguu wa kushoto ulishuka peke yake kutafuta klachi, na mishono ikaenda upogo. Kaptura zikatoka na mguu mmoja mrefu. Marehemu alishuka garini akaja kuketi pembeni yake, naye anakanyaga sakafu, kushoto, kulia, kushoto. Ufunguo ulikaa mfukoni kwa kaka.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilifungwa mafurushi mawili, yakawekwa kando ya njia yakisubiri kupakiwa. Gari likagoma.

"Kaka," Kimya alisema, "subiri taa izime."

"Taa gani tena? Sukumeni!"

Wakasukuma mpaka kwenye mteremko. Gari likashtuka, likatapika moshi mweusi, likawaka. Kaka hakusimama, maana akisimama lingezimika. Akatoa mkono dirishani. "Nitawasubiri mbele! Njooni na mafurushi!" Viti vyote vilikuwa vitupu isipokuwa chake.

Wanawake wawili wakabaki ndani ya moshi. Kimya akainua furushi moja kichwani, marehemu akainua jingine.

"Lile lilikuwa langu," alisema marehemu, akijipangusa masizi kwenye gauni.

Kimya alilitazama gari likipinda kona. Miguu yake ilikuwa inakanyaga vumbi, klachi, breki, klachi. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko aliyodhani anayo, hata fundi viatu akainua kichwa, kisha akarudi kwenye soli yake.

"Lile gari ni langu."