Mwenye Jicho Moja

"Hakiingii!" Fundi Mkasi alikisukuma kifungo mpaka kucha ikageuka nyeupe. "Matundu kama macho ya panya, vifungo kama visahani! Nani alivinunua?"

"Na nani alitoboa matundu kabla vifungo havijafika?" Mama Pacha alimrudishia, mguu bado juu ya pedali ya cherehani.

Makoti thelathini ya wauguzi yalining'inia ukutani, kila moja likidai vifungo sita. Gari la zahanati lingefika saa saba, na sasa ilikuwa saa nne. Tangu tajiri wao ahame, mafundi wanane wa chumba kile hawakuwa na mkubwa. Walikuwa na midomo minane. Hii ndiyo kazi yao ya kwanza. Gari likiondoka tupu, mwenye nyumba, aliyekuwa akidai kodi, angetia kufuli.

"Tuchague msimamizi kwanza," alisema Mkasi.

"Wewe, siyo?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwani nimepungukiwa nini?"

"Masikio, shemeji."

Chumba kikaangua kicheko. Bibi Vifungo, mshona vifungo wao, hakucheka. Alikuwa akikiona akilini kiti cha plastiki sebuleni kwa mkwewe, ambako, chumba kikifungwa, angeshinda akiambiwa "Pumzika, mama," hali hajachoka.

Akavuta koti la karibu. Akashika wembe, akarefusha tundu kwa upana wa punje ya mchele, kisha akazungusha uzi ukingoni, mshono ukilalia mshono, kama anayesuka nywele za mtoto mtundu: pole pole, bila kumwachia. Akasukuma kifungo.

Kikapita.

Akaanza tundu la pili.

"Bibi! Nani kakuruhusu kukata?" alifoka Mkasi.

"Kitendawili," alisema Bibi bila kuinua uso.

"Saa hizi? Haya, tega."

"Ana jicho moja, mdomo hana, akitangulia, mkia unamfuata."

"Sina muda wa mafumbo mie."

"Basi nipe mji."

"Mji nitautoa wapi?"

"Basi nipe hilo koti nyuma yako."

Mkasi akampa kabla hajajua kwamba amempa. Mama Pacha alikuwa ameshavuta kigoda. Alilitazama tundu, akalipapasa, akajitafutia wembe. Wa tatu akaja, wa nne. Mmoja akaona kupokezana ni haraka zaidi, akawa anakata tu na kurusha. "Lete!" "Shika!" "Uzi mweupe, jamani, uzi!" Makoti yakapaa juu ya vichwa kama njiwa waliofunguliwa. Hakuna aliyepanga, na hakuna aliyegongana na mwenzake.

Honi ikalia nje.

"Bado moja!" walipiga kelele wote.

Bibi alipapasa kifuani, pale achomekapo sindano yake siku zote. Haikuwepo.

Mlangoni, penye mwanga, Mkasi alikuwa amechuchumaa, koti la mwisho magotini, sindano ya Bibi mkononi, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Miaka mingapi hajashika sindano ya mkono! Honi ikalia tena. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Walisimama tu wakiutazama mkia wa uzi ukipungua, ukipungua.