Mwandiko wa Nyuma ya Picha

Maji yalikuwa yamelifikia tandiko, lakini sanduku la bati halikuguswa. Alekjan Bewa alikuwa ameliinua juu ya matofali sita na kulifunika gunia la mbolea, kisha yeye akalala kwenye udongo wa tuta la mto, kama alivyolala kila mvua tangu mto huo, Jamuna, ulipoimeza nyumba ya baba yake. Asubuhi aliukamua upindo wa sari, akala wali wa jana uliolowekwa maji, kwa chumvi na pilipili moja, akafungua sanduku. Mlikuwa na hati ya kiwanja namba 217 na nafasi tupu palipokuwa na picha. Picha zilikuwa zimeazimwa. Alichukua hati, akaenda ofisi ya ardhi kusikilizwa shauri lake.

Picha hizo zilipigwa na baba yake, Tosir, mpigapicha pekee wa Meghdoba, mji uliokuwa na maghala ya juti, sinema moja na gati la meli. Sasa hauna hata kimoja. Ila miaka miwili iliyopita kisiwa cha mchanga kiliibuka palepale ulipokuwa Mtaa wa Soko, na mtu yeyote mzima hapa tutani atakuonyesha kwa kidole nyumba yake ilisimama wapi. Sheria inasema ardhi iliyoliwa na mto ikirudi ndani ya miaka thelathini ni ya mwenyewe. Ikizidi thelathini ni ya serikali, na ya serikali kwetu maana yake ni ya mwenyekiti wa kata, Mofazzal Talukdar.

Wakati wa baridi alikuja kijana mmoja kutoka Dhaka, Shafkat, na ramani zake ndani ya mirija ya plastiki. Alikuwa akiandaa maonyesho ya historia ya mji, kwa gharama ya mwenyekiti. Kijana mwenye adabu. Alivua viatu kabla ya kuingia kibandani, akatazama picha moja moja huku akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Shangazi, hii ni hazina. Niazime zote."

"Utazirudisha?"

"Mwenyewe, kwa mkono wangu. Na mto uliuchukua mji mwaka gani?"

"Themanini na nane, baba. Mwaka mwingine upi?"

Ndivyo tunavyosema hapa. Mafuriko ya themanini na nane yalikuwa makubwa mno, hata kila kilichopotea baadaye tumekitupia mwaka huo. Nyumba zilizoanguka miaka sita baadaye, meno ya wazee, hata ng'ombe walioibwa, vyote vilikwenda na themanini na nane. Shafkat aliwauliza watu kumi na tisa, wote wakamjibu hivyohivyo. Akaandika, wakatia sahihi au dole gumba, akashukuru akaondoka.

Sasa afisa ardhi alikuwa na kijitabu cha maonyesho mezani, kimefunuliwa kwenye jina la Alekjan. Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha pembeni, akinywa chai ya ofisi.

"Haya ni maneno yako, mama?"

"Yangu, bwana. Lakini hiyo ni kusema tu. Sisi sote tunasema hivyo. Nyumba yetu ilianguka tisini na nne."

"Umetia sahihi themanini na nane. Kisiwa kimeibuka elfu mbili ishirini na moja. Thelathini na mitatu. Ardhi ya serikali."

"Tazama ramani, basi."

"Ramani ya zamani ni ya sitini na mbili. Inayofuata ni ya elfu mbili na kumi, na hapo ni maji matupu. Katikati hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

"Hatukuja kupima."

"Miaka arobaini na minane hamkuja kupima, halafu kosa ni la ulimi wangu?"

Mwenyekiti alicheka mpaka chai ikamwagika. "Huyu shangazi ana ulimi kweli! Bwana afisa, si umtie kwenye orodha ya wasio na ardhi? Maskini, naye apate kipande."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Ana shauri la kudai ardhi. Anayedai ardhi hawezi kuwa mtu asiye na ardhi."

Orodha ilikuwa palepale mezani. Alekjan aliisoma kichwa chini miguu juu, maana baba yake alimfundisha kusoma. Jina la kwanza lilikuwa la shemeji wa mwenyekiti, mwenye matanuri mawili ya matofali. 

"Kuna picha," alisema Alekjan. "Baba aliipiga siku ya mwaka mpya wa 1400. Mji mzima umejipanga mbele ya duka letu, kwenye kiwanja hichohicho, na duka limesimama. Tarehe kaiandika nyuma kwa mkono wake."

Afisa alitazama kalenda ya ukutani, ile yenye miaka yote miwili, wa Kibangla na wa Kizungu. "1400 ni tisini na tatu," alisema polepole. "Mpaka ishirini na moja, ishirini na minane." Aliikwepa sura ya mwenyekiti. "Ilete kabla ya saa tisa. Daftari linafungwa leo."

Mwenyekiti hakucheka tena. Aliweka kikombe akatoka.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ng'ambo ya ua. Alekjan aliikuta picha imebandikwa kwenye ubao katikati ya ukuta, chini ya ramani ya sitini na mbili. Chini yake waliandika: Mtaa wa Soko, mnamo 1985. Alitia ukucha kwenye ukingo. Haukuinuka.

"Mwanangu, mmefanyaje hapa?"

"Gundi ya seremala, shangazi," alisema Shafkat. "Ilikuwa inajikunja."

"Na mwandiko wa nyuma?"

"Niliona kuna mwandiko. Picha zilikuwa nyingi, sikuwahi kusoma zote."

"Lakini ulizitolea nakala?"

"Upande wa mbele."

Alekjan alitaka kumzaba kofi. Badala yake alichovya upindo wa sari kwenye chombo cha maua, akaulaza juu ya picha. Aliijua kazi ya karatasi hizi tangu utotoni: ziloweke, subiri, usivute. Nusu saa ingetosha, na alikuwa nayo.

"Nani kamruhusu?" Mwenyekiti alikuwa mlangoni na mgambo wawili. "Naibu waziri anafika saa kumi. Hakuna wa kugusa ukuta."

"Mheshimiwa, ni picha yake," alisema Shafkat.

"Ni maonyesho yangu. Mtoeni."

Mgambo alimkamata mkono, naye ukucha wake bado ulikuwa chini ya ukingo. Karatasi ilichanika kwa unene wake, ikawa matabaka mawili. Nyuso zote za pichani zikamjia mkononi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Tabaka la nyuma likabaki ubaoni, jeupe, wino wake umegeukia mbao.

Bado walikuwa wakivutana saa tisa ilipofika na afisa ardhi akachungulia, daftari kwapani. "Mwandiko uko wapi?"

"Uko hapo! Chini ya karatasi hiyo. Ng'oeni ubao, tuuloweke, utausoma mwenyewe."

"Mimi naona karatasi nyeupe, mama."

"Nusu saa, bwana! Nusu saa tu!"

"Saa tisa imefika." Alifunga daftari.

"Wezi wakubwa!" Alekjan alipiga kelele, na hakujali tena nani anasikia. "Mto ulikula ukashiba, ukarudisha. Nyinyi hamshibi!"

Walimburuta hadi nje ya mlango. Hapo wakamwacha, kwa sababu magari ya kwanza ya msafara yalikuwa yameanza kuingia na mwenyekiti hakutaka vurugu barazani.

Pengo ukutani halikuweza kuachwa hivyohivyo. Shafkat alichapa kibao kipya, akakibandika bila kugeuka kutazama mlango. Alekjan alikisoma toka pale aliposimama, maana herufi zilikuwa kubwa na nzuri: Duka la picha, Mtaa wa Soko. Mwenyewe hakufahamika.

Naibu waziri naye alikisoma. Alisikitika kweli, mtu wa watu.

"Hakuna hata mmoja wa ukoo huo aliyebaki?"

"Hakuna, mheshimiwa," alisema mwenyekiti. "Mto uliwamaliza."

Shafkat alikinyoosha kibao kilichokaa upande. Naibu waziri akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili yao, na ukumbi mzima ukasimama, vichwa chini. Mgambo wa mlangoni alimgeukia Alekjan, akaweka kidole mdomoni.