Tiki Moja

Milembe alizijua tiki. Moja, ujumbe umetoka kwako lakini haujafika. Mbili za kijivu, umefika ila haujasomwa. Mbili za bluu, umesomwa, sasa deni la kujibu ni la mwenzako. Binti yake Flora alimfundisha kwenye msiba wa baba yao, mzee Mayunga, siku ile Salvatory, kifungua mimba, alipotangaza kwamba mambo yote ya familia yazungumzwe kwenye grupu la wasapu, watu wasipigiane simu kila mmoja kivyake. Kisha wakapanda mabasi yao, Salvatory wa Dodoma, Flora na ndugu yao Josia wa Mwanza, na nyumba ya Zagayu ikabaki na mtu mmoja.

Jumapili baada ya ibada alirekodi sauti, akaituma kwenye grupu. "Wanangu, pamba imepasuka shamba zima na mgongo wangu umekataa. Jumamosi njooni tuvune, tujengee na kaburi la baba yenu. Hata akija mmoja nitashukuru."

Tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Jumatano jirani yake Generoza, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, alichungulia juu ya ua wa minyaa.

"Wamekujibu?"

"Mtandao," Milembe akasema. "Haijawafikia."

Naye aliamini hivyo. Ungemwambia kwamba watoto wake wanaweza kumsikia akiomba vile wakanyamaza, angekufukuza uani kwake. Mtandao wa Zagayu ulibeba lawama zote, na nyingine ulizistahili.

Alhamisi aliipeleka simu senta kwa Veronica, binti anayechajia watu simu.

"Mwadila, mayu," Veronica akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hii simu imeharibika. Haitumi."

Veronica aliigeuzageuza. "Nzima kabisa hii. Kwenye grupu, mayu, tiki ya pili haiji mpaka simu zote zipokee. Na bluu haiji mpaka wote wafungue. Kuna mtu simu yake imezimwa." Akapitia majina, halafu akashusha sauti. "Mzee bado yumo."

Simu ya Mayunga ilikuwa sandukuni, imeviringishwa kwenye kitenge.

"Tukimtoa, zitaenda vizuri," Veronica akashauri.

"Nimtoe mume wangu kwenye familia yake mwenyewe?"

Alirudi nyumbani kwa miguu, akaitoa simu sandukuni, akarudi nayo senta. Veronica akaichaji, akairushia intaneti kutoka kwenye simu yake. Ilipowaka ikaimba ule mlio wa kwaya ambao Mayunga alikuwa akiringia kanisani, na Milembe akalazimika kukaa. Kwa kidole chake mwenyewe akafungua grupu, akabonyeza, akasikiliza sauti yake ikimwomba marehemu aje kuvuna pamba.

Akaitazama simu yake. Tiki mbili. Za bluu.

"Umeona!" Veronica akapiga makofi. "Wote wamesoma!"

"Wamesoma sasa hivi?"

"Aa, wao walishasoma siku nyingi. Aliyekuwa amebaki ni mzee peke yake." Akaiona sura ya Milembe, akatamani kuyarudisha maneno yake.

Wote watatu, basi. Wamesikia habari ya mgongo, wamesikia habari ya kaburi, wakarudisha simu mfukoni, kila mmoja akidhani mwenzake atajibu, au hata hakudhani kitu. Wa mwisho kuupata ujumbe alikuwa marehemu, na yeye angalau alikuwa na sababu ya kutojibu. Milembe alishukuru, akaondoka. Njiani alilia bila kujificha, maana hapakuwa na wa kumficha.

Alipofika nyumbani aliizima simu ya Mayunga, akaiviringisha kwenye kitenge kama ilivyokuwa, akafunga sanduku. Kisha akaketi mlangoni na simu yake.

"Wanangu, Jumamosi nawasubiri. Nitachinja kuku."

Akatuma. Akaitazama mpaka ikatokea, tiki moja ya kijivu, akashusha pumzi. Ng'ambo ya minyaa Generoza alikuwa akipepeta mtama.

"Mama Salvatory! Vipi, wamekujibu?"

"Mtandao, mwenzangu," Milembe akasema. "Bado haijawafikia."