Mzigo Wenye Tiketi

Mji mzima hakuna anayesoma fomu kama mimi. Sawa, niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili; kwa hiyo husoma kwa kidole, neno kwa neno, na anayesubiri nyuma yangu huzeeka.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka dada yangu mkubwa kwa binti yake, akamwone kitukuu wake wa kwanza. Dada hutembelea kiti cha magurudumu, na stesheni yetu ilikuwa na desturi yake: mwenye kiti hujaziwa fomu ya mizigo, akapandishwa behewa la mizigo. Safari iliyopita alikaa gizani kati ya magunia ya vitunguu. Alipofika, wajukuu walimkumbatia huku wameziba pua.

"Mdogo wangu," aliniambia pale jukwaani, "leo nakaa dirishani na watu. Nikitiwa na vitunguu tena, nageuza kiti narudi nyumbani. Mtoto apelekewe picha yangu."

Stesheni masta akanisukumia fomu. Aina ya mzigo: nikaandika, dada. Je, unavunjika? Nikaandika, mifupa ndiyo, ulimi hapana.

"Bibi, fanya haraka, treni inasimama dakika kumi tu."

"Haraka na kusoma hawajawahi kuonana kwetu, baba."

Nikaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa na mistari ya herufi ndogo kama sisimizi, nadhani tangu ichapwe hakuna aliyeifikia. Kidole kikafika mstari wa saba: Fomu hii isitumike kwa chochote chenye tiketi ya abiria.

Nikamwonyesha, pamoja na tiketi ya dada: behewa la tatu, kiti cha dirishani.

Akasoma. Akarudia kwa kidole, hata nikamwonea huruma. "Haya, ni abiria. Ila sina cha kumpandishia."

"Na ule ubao wa chuma mnaopitishia matoroli?"

"Ule ni wa mizigo, bibi. Abiria haruhusiwi kuupita."

"Mwaka jana aliupita."

"Mwaka jana alikuwa mzigo."

Wapagazi wawili waliokuwa wametega masikio wakaangua kicheko. "Mzee, ubao haujui kusoma tiketi," mmoja akasema, na tayari walikuwa wameubeba mpaka behewa la tatu. Wakaulaza kati ya jukwaa na mlango. Ukakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Dada akakataa kusukumwa. Aliyazungusha magurudumu mwenyewe, mlangoni ikabaki nafasi ya kidole kila upande, akaingia kama mwenye nyumba aliyetoka sokoni. Kumbe hakuwa peke yake. Mama wa mapacha akafuata na kigari chao, kisha fundi cherehani wa magongo mawili ambaye kila wiki hupandishwa mgongoni mwa mtu, kisha mimi, maana magoti yangu nayo yalilipiwa nauli. Ndani watu walipiga makofi. Dada akafungua dirisha lake, akavuta hewa, akasema haina hata harufu ya kitunguu.

Hapo kondakta wa treni akaja, akautazama ubao. "Nani kafikiria hili? Zuri sana."

"Mimi," stesheni masta akajibu, akinyoosha shati. "Jana kutwa nilikuwa hapahapa na vijana wangu, tunapima mlango mmoja mmoja."

Wapagazi wakatazama viatu vyao.

"Jana kutwa?" Kondakta akamsogelea, akamkagua uso. "Jana si wewe niliyekuamsha kwenye behewa langu, umepitiliza vituo viwili, unakoroma?"