Wasaksoni Katika Posa ya Shaame

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msije mkamtafuta mwengine. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi, halua sijaigusa, na Mzee Abdulwakil amekaa mbele yangu, mgongo umenyooka kana kwamba bado yuko kwenye kiti chake cha mahakama kule Unguja. Punde kabla ya hapo nilikuwa nacheka.

"Rudia," aliniambia. "Hayo ya Waingereza. Rudia."

Ilikuwa Jumamosi, mwaka sabini na sita, nyumbani kwake Harrow, huku kwa Waingereza. Nilikwenda kuposa, na si kwa ajili yangu. Nilikuwa mshenga wa Shaame, Mpemba niliyekaa naye chumba kimoja Neasden, yeye fundi wa lifti, mimi kondakta wa basi. Shaame alimtaka Sheikha, binti wa mzee. Sheikha naye alimtaka Shaame, jambo ambalo mimi nililijua na mzee alijifanya halijui. Lakini mzee alikuwa akifunga mizigo kuhamia Maskati kwa ndugu zake, na binti angekwenda naye. Ama Shaame apewe siku ile, ama abaki na picha. Na kwa kuwa kwetu muoaji haendi kwenye posa yake, alikaa kwenye benchi la stesheni, kofia mapajani, ananingoja.

Alinichagua kwa sababu ya mdomo wangu. Nimelala juu ya magunia Mombasa, nimeosha sahani kwenye meli mpaka kucha zikalainika, nimefukuzwa vyumba na wenye nyumba wa kila dini, na kila pahala kilichoniokoa ni mzaha. Mtu akicheka hakupigi. Hiyo ndiyo elimu yangu. Ile nyingine nilikuwa naitafuta Jumanne jioni, kwenye masomo ya watu wazima, ambako mwalimu mmoja mama, mrefu kama nguzo ya taa, alitufundisha Waingereza walikotoka.

Masomo yale yalinilevya. Kutwa nzima kwenye basi abiria hawaachi kuniuliza nitarudi lini kwetu. Kumbe na wao wana kwao. Waangli walitoka kipande kidogo cha pwani, mpakani mwa Denmark na Ujerumani. Wajuti walikuwa kaskazini yao, na Wasaksoni kwenye madimbwi ya upande wa mto Elbe, ambako bahari ilikuwa ikila mashamba yao. Warumi walipoondoa majeshi yao kisiwani huku, inasimuliwa kwamba mfalme mmoja wa wenyeji, kwa kuogopa maadui wa kaskazini, aliwaalika watu hao waje na mashua zao za makasia wamlinde. Akawapa pahala pa kukaa, Thanet, siku hizo kisiwa. Walinzi wakaita ndugu, ndugu wakaleta wake na ng'ombe, na posho ilipopungua wakamgeuzia mapanga yeye aliyewaalika.

Mwalimu alituonya kwamba wataalamu wanabishana. Pengine vita vilikuwa vichache kuliko masimulizi, alisema. Pengine watu walikuja kidogo kidogo, wakalima, wakaoana na waliowakuta. Onyo hilo nililiacha darasani. Nilichotoka nacho ni kichekesho: kwamba waliokuja ndio waliowaita wenyeji "wageni", na neno hilo, kwa lugha yao, ndilo lililozaa jina la Wales.

Basi mzee alipouliza, kama mzee yeyote wa kwetu angeuliza, "Huyo kijana asili yake wapi?", jibu nilikuwa nalo, nimelipanga njia nzima kwenye treni. Badala yake nikatabasamu.

"Asili, mzee? Katika mji huu? Hata hawa wenye nchi si wenye nchi. Walikuja kwa mashua, wakapewa kisiwa, wakanogewa, kisha wakawaita wenyeji wageni." Nikacheka, peke yangu.

Sasa akanitaka nirudie, na nikarudia. Mashua. Kisiwa. Wageni. Kila neno lilipotoka mdomoni nililiona linageuka sura mbele yangu, na sikuwa na njia ya kulirudisha. Pale pembeni Bi Time, mama yake mzee, alikuwa akikatakata popoo la tambuu. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo Wasaksoni ni sisi," mzee akasema.

"Naapa, mzee, nilikuwa nawasema Waingereza."

"Babu yangu alikuja kwa mashua kutoka Omani. Kisiwa alikikuta na watu wake. Hukusahau kitu." Aliweka kikombe chini taratibu, kisipige kelele. "Januari ile ya mapinduzi walikuja mlangoni kwetu. Vijana, wengine tukiwajua kwa majina. Wakauliza: nyinyi asili yenu wapi? Mimi nilikuwa uani. Aliyefungua ni kaka yangu, na kaka yangu hakujua kusema uwongo."

Hita ya gesi ilinguruma ukutani.

"Nawe waniletea mtu wao," mzee akaendelea, "na wataka nicheke."

"Si mtu wao." Nilisogea mbele kwenye kiti. "Babake Shaame alichapwa viboko uwanjani, Wete kule Pemba, mbele ya wanawe. Mwaka ule ule. Hilo ndilo nililotumwa nilitangulize."

"Mbona hukulitanguliza?"

Shaame hakupenda jambo lile litajwe. Asubuhi ile, akifunga kamba za viatu, bila kuniangalia, aliniambia: "Msabaha, ikibidi, waeleze la baba." Alinipa kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, nami nikaona kwanza niwachekeshe watu.

Mzee alielekeza kidole dirishani, ambako jirani yake, mwanamume mwekundu wa shingo, alikuwa akikata majani ya bustani. "Huyo ana miaka elfu na mia tano hapa, na hakuna anayemgongea mlango. Sisi tulikuwa na mia na thelathini. Niambie wewe uliyesoma: mingapi inatosha?"

"Sijui, mzee."

"Hujui." Akasimama. Kwa mzee wa kwetu kusimama vile ni sawa na kukushika mkono hadi nje. Nami nikasimama, nikiwaza namna nitakavyolikaribia benchi lile la stesheni.

"Abdulwakil, kaa," Bi Time akasema. "Msichana hajaulizwa."

"Hapana haja, mama."

"Haja ipo. Ni haki yake."

Akapanda ngazi, mkono kwenye ukuta, akipumzika katikati. Kwetu mwari huulizwa na bibi yake: akiwa hataki husema, akiwa radhi hunyamaza. Lakini Sheikha alikuwa muuguzi, wodi nzima ilimsikia anapocheka, na bila shaka alikuwa amesikia kila neno letu kupitia sakafu. Neno lake moja tu, hata la hasira, hata la kunitukana mimi, lingetosha kuvunja posa. Tuliinua macho darini, mzee na mimi, kama watu wawili wanaosikiliza bomba linalovuja. Mpaka leo Shaame huniuliza tulizungumza nini chumbani mule, na mimi humpa mengine yote ila dakika zile.

Bi Time akarudi, akakaa, akalichukua popoo lake.

"Nimemuuliza mara mbili. Kanyamaza."

"Sheikha?" mzee akauliza. "Kanyamaza?"

"Kajiuma ulimi, lakini kanyamaza."

"Mama, hawa watu wa Pemba huwajui wewe—"

"Mimi?" Bi Time akakiweka kisu chini. "Babako alinikuta Ole, huko huko Pemba, kwenye mpunga, miguu yote tope. Asili yangu hakuniuliza. Aliniuliza kama nina mchumba."

Mzee akakaa. Aliitazama halua, akaniangalia mimi, akatazama tena dirishani. Nilipomwona shingo inalegea nikajua mdomo wangu una kazi moja tu, kubaki umefungwa.

"Lakini mimi," akasema mwisho, "mimi sijasema kwamba nakubali."

"Basi nyamaza hivyo hivyo, mwanangu," Bi Time akamwambia. "Tutajua umekubali."